Tafadhali, Daktari, Usirudi Tena Arroyo Tuyú

Arroyo Tuyú,
Jumatatu, wiki tatu kabla ya uchaguzi.

Kwa Mheshimiwa Daktari Octavio Villasboa,
Mgombea Urais wa Muungano wa Mageuzi,
Asunción.

Mheshimiwa Mgombea,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba umeshapumzika vya kutosha baada ya ziara yako kwetu. Sisi bado. Mimi ni Perpetua Insaurralde, katibu wa tawi la chama chetu hapa Arroyo Tuyú kwa miaka kumi na tisa, na muuza chipa, mikate yetu ya jibini, hapo mbele ya kituo cha basi. Ni yule mama mnene aliyekushikia mwavuli. Nakuandikia kwa heshima zote nilizoweza kuzikusanya, nazo leo si nyingi.

Nianze na jambo tunalokubaliana. Rais Casimiro Aldama ndiye mpinzani mwepesi kuliko wote ambao Mungu amewahi kutuletea. Umeme unakatika kabla sijamaliza kukanda unga. Nyama ya ng'ombe, katika nchi yenye ng'ombe wengi kuliko watu, imekuwa chakula cha harusi. Mkuu wa barabara zote ni shemeji yake, ambaye hajui kuendesha gari. Alizindua hospitali moja, na mchana uleule vitanda vikapakiwa kwenye lori kwenda kuzinduliwa mji mwingine. Daraja la mto wetu lilisombwa na maji miaka mitatu iliyopita, naye ameshaliwekea jiwe la msingi mara tatu. Tungeyapanga mawe yale vizuri tungekuwa tunavuka juu yake.

Mwaka juzi, mwezi wa kumi, mto ulijaa, gari la wagonjwa likabaki ng'ambo, na mkwe wangu Ninfa akajifungulia sebuleni kwangu. Mtoto alikuwa wa kiume. Aliishi mpaka saa nne asubuhi. Sasa Ninfa ana mimba tena, ya miezi mitatu, na siku zake za kujifungua zinaangukia mwezi uleule wa mvua. Rais mpya ataapishwa mwezi wa nane. Daraja la chuma la jeshi huungwa na kusimamishwa kwa siku kumi tu, nimemuuliza sajenti mwenyewe. Kwa hiyo, Daktari, ukiniona nina hasira, ujue ninazo sababu zake. Nataka Aldama aanguke. Nataka aanguke kifudifudi, na mimi niwepo nione.

Na anayemzuia asianguke ni wewe. Malalamiko yangu ni haya.

1. Kitambaa. Tulikuketisha kivulini tukakupitishia tereré, ile chai yetu ya baridi, kama tunavyompitishia kila mtu: pembe moja ya kunywea, mrija mmoja wa chuma, watu kumi na wawili. Zamu yako ilipofika ulitoa kitambaa cheupe mfukoni ukaupangusa mrija. Ukaugeuza, ukaupangusa tena. Najua ni mambo ya afya. Wewe ni daktari wa uchumi, lakini haya, tuseme ni afya. Aliyekunywa kabla yako alikuwa Don Toribio, mzee wa miaka themanini na moja, aliyelala jela kwa ajili ya chama hiki wewe hujazaliwa. Alinyanyuka polepole, akavaa kofia, akaniambia, "Perpetua, mwambie huyo kijana wako, akishinda aje atupanguse na sisi." Akaenda zake. Kwake kuna kura kumi na saba.

Aldama alipopita hapa mwezi uliotangulia, aliunyonya mrija uleule mpaka ukakoroma, akarudisha pembe akaomba nyingine. Kwa saa nzima hakusema neno moja la maana. Aliniuliza habari za goti langu, akalishika lile zima badala ya bovu. Akala chipa sita akaondoka bila kusema kwaheri. Watu wakabaki wanacheka: "Mwizi huyu, lakini mwizi wetu!" Nilitaka kuwapiga kwa mwiko.

2. Hotuba. Mbele ya watu mia mbili wasio na daraja ulizungumzia uwiano wa deni la taifa na pato la taifa kwa dakika hamsini. Ulitupa asilimia thelathini na nane. Tukavumilia. Ukatupa sita nukta nne. Jirani yangu Ña Deolinda akaniegemea sikioni, "Eti, huyu anauza nini?" Nikamwambia anauza mageuzi. "Kilo ngapi?" akaniuliza. Nilikuwa nimekuandikia karatasi yenye neno moja tu, DARAJA, kwa herufi kubwa, ili hata ukisahau miwani ulione. Ulijipepea nayo.

3. Muungano wenyewe. Vyama saba vimeungana ili kumwondoa mtu mmoja, na hadi leo havijaafikiana nani asimame upande wa kulia wa mgombea. Pale kwetu mliamua, kwa amani, kwamba viongozi wote saba wasimame kulia. Lori lililokuwa jukwaa letu likainama. Hotuba yako yote uliitoa ukiwa umeshikilia bomba la kipaza sauti usiteleze, na watoto wakadhani ni mchezo wa sarakasi. Wale ndio waliokushangilia, na hawapigi kura.

4. Kiti. Hili ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu linaonyesha tungeweza. Siku ile ulichelewa kwa saa tatu. Ili watu wasitawanyike, niliweka kiti jukwaani, nikakivika kofia ya majani, nikatangaza kwamba mgombea yuko njiani. Wakapiga makofi. Basi nikaanza kueleza shida zetu moja moja, na kila nikitaja moja nilikigeukia kiti, nacho kikanyamaza kwa namna ya mtu anayesikiliza. Ña Deolinda alilia. Watu thelathini na mmoja walijiandikisha kujitolea, hesabu ambayo tawi hili halijaiona tangu niwe katibu. Kisha wewe ukafika. Jioni yake ishirini na wawili walikuja kuomba nifute majina yao. Kinyozi wetu aliniambia kwa aibu kabisa, "Samahani, Ña Perpetua, mimi nilidhani mgombea ni kile kiti."

Nimelitafakari jambo hili kwa siku nne nikikanda unga, na nimeona tatizo lilipo. Aldama wanamchukia kwa mambo wanayoyajua. Wewe hawakuchukii; hawajapata hata sababu ya kukuchukia. Mtu akija kununua chipa anamtukana Rais tangu anafungua mlango hadi narudisha chenji, lakini nikimuuliza, "Basi utampa nani kura?" anaanza kutazama viatu vyake. Viatu vya watu wa hapa havina cha kutazamwa, Daktari.

Kwa hiyo ninaomba yafuatayo.

Kwanza, usirudi. Tafadhali sana. Ratiba yako inasema utapita tena wiki ijayo "kuimarisha ngome." Ngome hiyo imebaki na watu tisa, na wawili kati yao ni mimi na mume wangu.

Pili, ikiwezekana, uugue. Uchague ugonjwa wenye heshima. Tumbo halifai, watu watasema ni chipa zangu. Mgongo ni mzuri: hauui, hauonekani, na kila mkulima anaujua. Ulale Asunción hadi siku ya kura na madaktari wakukataze kuongea.

Tatu, mabango yako yote yaondolewe ile picha uliyopigwa umekunja mikono kama mwalimu anayesubiri kelele ziishe, na mahali pake iwekwe picha ya kiti. Kofia ninayo.

Nne, na hili ndilo ombi langu kubwa. Kama sheria haikiruhusu kiti, basi nenda kwa Aldama umwombe agombee kwa tiketi yetu. Usicheke. Katika nchi hii yote ni mtu mmoja tu aliyewahi kumpunguzia Aldama kura, naye ni Aldama. Anajipokonya kura asubuhi na jioni bila msaada wa mtu. Ukifungua mdomo wewe, zinamrudia. Mwache apambane na yeye mwenyewe. Ni mpinzani anayemweza: maovu yake yote anayajua, magari anayo, na hana vyama saba vya kubeba. Akishinda Aldama wetu, upinzani utakuwa umechukua nchi. Akishindwa, Aldama atakuwa ameanguka. Nitafutie kasoro katika hesabu hiyo, wewe uliyesomea hesabu.

Msalimie sana mke wako, ambaye alikunywa tereré vizuri tu na angefaa kugombea. Msalimie dereva. Wasalimie viongozi wote saba, kwa mpangilio wowote watakaoafikiana. Mume wangu Gervasio, mkwe wangu Ninfa, Ña Deolinda na waliobaki wa tawi wanakusalimu, wengine kwa kulazimishwa.

Ni mimi, mwenye hasira na utii,

Perpetua Insaurralde,
Katibu wa Tawi.

Tanbihi: Gervasio amemaliza kuisoma barua hii. Amesema, "Nzuri. Umemtukana vizuri. Sasa mwandikie ukweli." Basi huu hapa. Mto ukijaa, trekta pekee linaloweza kulivusha gari la wagonjwa ni la Don Abundio, mwenyekiti wa chama cha Aldama hapa kwetu. Usiku ule wa mwaka juzi Gervasio alipiga magoti kwenye matope mlangoni kwake. Don Abundio alimuuliza swali moja tu: mke wako ni katibu wa chama gani? Trekta halikutoka. Mwaka huu ametuma ujumbe nyumba kwa nyumba kwamba atakayelihitaji mwezi wa kumi aipige picha karatasi yake ya kura akamwonyeshe. Wewe ungeweza kuwa mgombea bora kuliko wote waliozaliwa, na kule ndani ya kile chumba cha kura ningekuwa bado namsikia Ninfa akilia sebuleni kwangu. Nitampigia kura Aldama, Daktari. Gervasio naye, na mwanangu, na Ninfa mwenyewe. Barua hii ihesabu pia kuwa ya kujiuzulu kwangu. Njoo ukitaka, useme utakacho, wala usijilaumu sana. Ila jitahidi, tafadhali, jitahidi sana ushinde bila mimi.