Chenga za Mtaa Mzima

Jumatatu, 4 Agosti

Dada, nisamehe. Daftari hili ulinipa nikiwa mjamzito, ukaniambia niandike kila siku nisije nikawa kichaa, kisha nikutumie. Mtoto sasa anaota meno. Ndiyo kwanza naandika. Mkono mmoja kwenye kalamu, mwingine mgongoni kwake.

Habari kubwa: gari la zimamoto limepita na kipaza sauti. Kila nyumba ikate matawi makavu, iyarundike kando ya barabara. Ijumaa inakuja mashine ya kuyasaga. Bure! Unakumbuka moto wa mwaka jana ulivyoshuka kilimani mpaka kwenye ua wetu, kioo cha dirisha la watoto kikapasuka. Tangu hapo nikisikia harufu ya moshi nalala na viatu. Kwa hiyo nimekata. Panga mkononi, mtoto mgongoni, mwanangu mkubwa akinisaidia kurudisha matawi nilikoyatoa.

Jirani yangu Mama Pazia (jina nimempa mimi, kwa kuchungulia kwake) keshamaliza zamani. Rundo lake limenyooka kama nywele zilizochanwa. Akaniuliza kwa upole kama langu ni rundo au ni ajali. Nikacheka. Moyoni sikucheka.

Jumanne, 5 Agosti

Nimepata akili! Mashine ikishasaga, zile chenga za miti huachiwa anayezitaka. Dada, uwanja wangu ni vumbi tupu. Nafua asubuhi, jioni mkubwa kagaagaa tena kama kuku. Chenga zikitandazwa, vumbi kwisha. Kufua kwisha! Ila zangu peke yake hazifuniki hata mbele ya mlango. Nahitaji za mtaa mzima.

Jumatano, 6 Agosti

Nimezunguka nyumba kwa nyumba, nimevaa sura ya huruma, nikiwaonya kwamba chenga huleta mchwa. Mchwa wa kula milango! Fundi cherehani akashika kifua. Muuza duka akasema basi za kwake hazitaki hata aongezewe sukari. Mama Pazia alikuwa anazitaka kwa maua yake. Akanitazama weee, kisha akauliza, na wewe je, mchwa hawakupati? Nikamwambia mlango wangu ni wa bati. Akasema haya mwanangu, chukua tu. Kirahisi hivyo!

Ijumaa, 8 Agosti

Ile mashine inatafuna tawi kama mbuzi na karatasi. Kila fundi wake alipouliza chenga aziweke wapi, watu wakanyoosha kidole: kwa yule mama wa nyumba ya mwisho. Nilijisikia malkia. Lori likamwaga nyuma, mahali pekee linapofika, yaani chini ya dirisha la watoto. Fundi akasema, mama, hizi zitandaze leo leo, usiziache ukutani. Mtoto akaamka analia. Nikapunga mkono: ndiyo, ndiyo.

Jumapili, 10 Agosti

Sijatandaza. Jino limetoka, usingizi bado. Rundo limefika dirishani. Nimeingiza mkono ndani: moto kama chai! Na linafuka mvuke. Mtu mwingine angeogopa. Mimi nimeanika nepi juu yake. Zimekauka upesi ajabu. Hivi hakuna aliyewahi kuwaza hili?

Jumatatu, 11 Agosti

Aibu. Asubuhi Mama Pazia kaona mvuke, kapiga yowe, kapiga simu zimamoto, kaingia kwangu bila hodi, kambeba mtoto, kamshika mkubwa mkono, na mimi kanisukuma nje kwa kiuno.

Afande wa zimamoto akachomeka chuma kwenye rundo, akakigusa, akapuliza vidole. Akasema haujawa moto bado, ni majani mabichi yaliyochanganyika humo yanajichemsha yenyewe. Lakini joto likizidi, au cheche moja ikishuka kilimani na huu upepo unaotarajiwa jioni... Hakumaliza. Aliangalia dirishani. Kitanda cha watoto kiko papo hapo. Akauliza taratibu kama naelewa kwamba nimekusanya moto wa mtaa mzima nikauegemeza kwenye chumba cha wanangu. Kisha akaiokota nepi kwa vidole viwili, akanikabidhi kwa heshima zote.

Nililia, Dada. Baba yao yuko safarini, mikono ninayo hii hii, na upepo unakuja.

Mama Pazia akaniambia ninyamaze, machozi yale hayazimi hata njiti ya kiberiti. Akauita mtaa. Wakaja na reki, na matoroli, na mabeseni. Fundi cherehani akaja na ndoo yake ya kuogea. Tukatandaza uwanjani, nyembamba, mbali na kuta. Zilizozidi kila mtu akarudi na zake. Upepo ulipofika, ukuta wa watoto ulikuwa mtupu.

Nikamfuata Mama Pazia kumwomba radhi kwa habari ya mchwa. Akasema, mchwa gani? Hakuna aliyeamini hata mmoja. Yeye ndiye aliyepita nyuma yangu akiwaambia wanipe, maana kila akichungulia ananiona kwenye kamba ya nguo, nguo zilezile, mtoto mgongoni, nimesimama nasinzia.

Nikaegemea reki yake. Mpini ukavunjika.

Jumatano, 13 Agosti

Uwanja unapendeza. Leo nimefua mara moja tu! Na ule usiku wa upepo nililala miguu mitupu. Nimekoma, Dada. Mipango basi.

Ila kitu kimoja. Lile joto la ndani ya rundo, la bure kabisa, lipotee hivi hivi? Nimebakiza rundo dogo nyuma ya choo. Dogo tu. Ukizika dumu la maji humo, asubuhi mtoto anaoga maji ya uvuguvugu na jiko hujawasha. Choo kiko mbali na nyumba. Mbali kiasi.

Kwa hiyo nitumie: dumu lenye mfuniko usiovuja. Mpira wa maji unaofika mpaka chooni, endapo. Mpini wa reki. Dawa ya kupaka ufizi, jino la pili linasukuma. Nepi chache, hizi zinanuka msitu. Na pazia, la kumshukuru jirani. Liwe zito. Lile lake linaonyesha mpaka nyuma ya choo.