Baraza Langu la Mawe Meupe

Jumamosi, 2 Agosti 1958

Nimeduwaa. Mzee Silima wa Mkoani ameleta salamu kwamba Ijumaa atakuja hapa Jadida, na baada ya sala atapita kuniona. Mzee Silima ndiye kaka mkubwa wa Kazija, mjane wa mtaa wa pili, na posa yangu kwa Kazija imekaa tangu mwezi wa Ramadhani. Akikubali, naoa. Akikataa, nabaki na cherehani yangu na shangazi yangu Bi Mwanapili mpaka kiyama.

Habari ya pili imenishtua zaidi. Inasemekana Mzee Silima hampimi mtu kwa nyumba wala kwa shamba. Anampima kwa baraza. Anasema ndani mtu anaweza kuficha mambo yake, barazani hapafichiki kitu. Huko Mkoani alishavunja posa ya mpwa wake kwa sababu barazani kwa mposaji alikalia kinyesi cha kuku.

Nikatoka kulitazama baraza langu kwa jicho la Mzee Silima. Udongo umebanduka. Kuku wanalala chini ya cherehani. Na upande wa pili wa njia liko la jirani yangu Jaribu, saruji tupu, limepakwa rangi nyekundu, linang'aa. Kahawa kwake, bao kwake, siasa kwake. Kwa ajili ya hiyo siasa hata salamu siku hizi tunapeana nusu nusu, yeye na chama chake na mimi na changu. Sasa Bi Mwanapili ananiambia Jaribu naye ameanza kuulizia habari za Kazija. Chai ilinishinda.

Saruji sina. Lakini mwaka jana nilimpelekea suruali mzungu mmoja wa serikali kule juu, nikaona pahala pake pa kukaa nje. Majani, maua, mawe, makome ya pwani, vyote vimepangwa kama vimezaliwa pale. Siku ile nilimcheka. Leo simcheki. Vitu vya Mungu vimejaa Pemba nzima, vinangoja fundi tu. Na fundi ni mimi.

Jumapili, 3 Agosti

Pwani tangu asubuhi. Nimerudi na mapakacha mawili. Moja la mawe meupe, yale madogo madogo yaliyosuguliwa na bahari. Jingine la makome, makubwa na madogo, ya madoadoa na ya mistari. Mgongo umekatika, lakini roho imetulia.

Makome nimeyapanga ukingoni mwa baraza, mstari mmoja ulionyooka kama pindo la kanzu. Jaribu alisimama kwake na kikombe mkononi, akatazama mpaka kahawa ikapoa. Nikajua imemwingia.

Jumatatu, 4 Agosti

Makome hayapo! Nimefungua mlango asubuhi, ukingo mtupu. Hata moja. Nilisimama mdomo wazi mpaka kuku wakaanza kunizunguka wakidhani nina chakula.

Nikavuka njia nikamwambia Jaribu, mbele ya wanywa kahawa wake wote, kwamba mwizi wa makome ni yeye. Akaniuliza kama nimekula. Nikamwambia ni yeye na hasada yake. Basi pale pale kome moja likatoka chini ya meza ya bao, likapita katikati ya miguu ya watu kwa miguu yake mwenyewe, likashuka njiani. Nyuma yake likaja jingine.

Kila mtoto wa Pemba anajua kwamba kome lenye kaa ndani halichukuliwi. Mimi pia nilijua. Nilikuwa na haraka. Walicheka mpaka mmoja akamwaga kahawa, na mimi nikarudi kwangu kupitia uani.

Ndani ndiko kulikoniua. Bi Mwanapili alikuwa ametia mkono katika chungu cha unga, na kaa mkubwa kuliko wote amemng'ang'ania kidole. Aliyonitamkia siyaandiki.

Jumanne, 5 Agosti

Bi Mwanapili ameondoka alfajiri kwa gari la kwanza la Mkoani, avuke kisiwani Makoongwe kwa mtoto wa dada yake aliyejifungua. Amekwenda na kidole chake kimefungwa kitambaa. Hakuaga jirani hata mmoja. Mimi ameniambia atarudi nitakapopata akili. Nimeshtuka, maana hakutaja siku.

Lakini kuna faida. Uwanja sasa ni wangu.

Nimefikiri sana juu ya pahala pale pa mzungu. Kosa langu lilikuwa makome. Uzuri wake hasa ulikuwa bustani ndogo mbele, mtu akikaa aipate harufu.

Jumatano, 6 Agosti

Kazi imekwisha na sijapata kuona kitu kizuri kama hiki. Mbele ya baraza, kando ya njia, nimelima tuta moja la urefu wa mtu, nikaliinua kwa udongo mwekundu na kulipigapiga kwa jembe likawa laini. Kwa kuwa baraza langu limelala mashariki na magharibi, tuta nalo nimelilaza hivyo hivyo. Juu nimetandaza mawe meupe yote, hayakubaki. Upande wa mashariki nimepanda mrehani, ndio unaonukia kuliko kila kitu. Huku na huku nimesimamisha jiwe bapa, kwa ajili ya kufunga kamba ya asumini baadaye. Nimemwagia maji ya waridi kidogo yaliyobaki kutoka Maulidi.

Nilikaa barazani nikalitazama mpaka macho yakalowa. Kazija atakaa hapa jioni, mimi nashona, yeye ananipa habari za mjini. Nataka hilo tu. Sitaki jingine duniani.

Alhamisi, 7 Agosti

Siku ya ajabu. Sanaa yangu imewapiga watu bumbuwazi.

Wapita njia wanapunguza mwendo. Sauti zinashuka. Mzee mmoja mchunga ng'ombe alisimama, akavua kofia, akaivaa tena, akainua mikono, midomo ikamchezacheza. Kumbe uzuri unamfanya mtu amkumbuke Mungu! Wanawake wawili walipita wakijifunika kanga mpaka puani, mmoja anafuta machozi. Nilimwinulia mkono kumshukuru. Akazidi kulia.

Kubwa kuliko yote, Jaribu amekuja. Jaribu mwenyewe, kwa miguu yake, mara ya kwanza tangu siasa ianze. Alinishika mkono hakuniachia. Akasema Mungu anipe subira. Nikajua amekubali kushindwa, kwa hiyo sikumfanyia kiburi. Nikamwambia kazi ilikuwa nzito, lakini nimeimaliza mwenyewe, kwa jembe langu, bila kumsumbua mtu. Akaniuliza, peke yako? Nikamwambia peke yangu, jana asubuhi, na mchana nikala wali nikalala. Jaribu akashika kichwa. Akasema siasa imetufikisha pabaya, jirani anafanya jambo kama hili bila ya kumwita jirani. Alikuwa na machozi.

Leo kwake hapakuchezwa bao. Ameiondoa hata meza. Sikutegemea wivu wa mtu ufike hapo.

Ijumaa, 8 Agosti

Nitaandika kwa mpango, au sitaandika kabisa.

Nilikuwa nikimwagilia mrehani, nikachelewa msikitini, nikapata nafasi nje kabisa penye viatu. Baada ya sala watu wote walitoka pamoja wakashika njia ya kwangu. Shehe mbele, na ubavuni mwake mzee mrefu wa joho jeusi nisiyemjua, nikajua ndiye Mzee Silima. Nikaduwaa kwa furaha. Nilidhani ameuleta msikiti mzima uwe shahidi wa posa. Nilikuwa nimenunua halua ya watu watano.

Wakafika. Hawakukaa barazani. Walilizunguka tuta langu, wakakaa chini kwenye mikeka, na mikeka ilikuwa ya Jaribu. Halafu Shehe akaanza Yasini.

Hapo ndipo nilipolitazama tuta. Urefu wa mtu. Mawe meupe. Jiwe kichwani, jiwe miguuni. Mrehani. Nimezika wangapi katika maisha yangu, nimetandaza mawe hayo hayo kwa mikono hii hii, na sikuliona!

Nikamwuliza Jaribu sikioni, kafa nani. Akanitazama kwa huruma, akasema wafiwa wengine huwa hivyo, akili inakataa. Kisha akalitaja jina la Bi Mwanapili. Hawajamwona tangu Jumatatu, na mbele ya mlango wake limetokea kaburi. Nyumbani kwa Jaribu wanapika wali wa hitima tangu asubuhi.

Nilitaka kusimama niseme. Mtu atasimamaje katikati ya Yasini? Na Mzee Silima alikuwa akilia, akilia kwa dhati, kwa ajili ya mwanamke asiyemjua. Nilijiambia nitasema ikimalizika. Wakamaliza. Mzee Silima akanigeukia kabla sijafungua kinywa, akaniuliza mbele ya watu, mtu anayemfukia shangazi yake bila ya kuita watu mazishini, harusini atamwita nani?

Na kwenye njia, kutoka upande wa gari za Mkoani, akaja Bi Mwanapili. Kikapu cha pweza mkavu kichwani. Kidole kimefungwa. Akasimama nyuma ya watu, akauliza, "Kafa nani?"

Shehe mwenyewe aliinuka na mkeka ukamfuata mguuni. Yule mzee wa ng'ombe aliruka baraza la Jaribu kwa mruko ambao kijana hauwezi. Wengine waliketi tu, macho yamewatoka. Mzee Silima ndiye aliyenong'ona kwamba bibi huyu amekuja naye gari moja kutoka Mkoani, alikuwa kiti cha nyuma yake, na njia nzima, mpaka walipoachana sokoni kabla ya sala, alikuwa akimweleza juu ya mpwa wake anayetia kaa katika unga.

Halafu Mzee Silima akanitazama mimi, polepole, kutoka kofia mpaka viatu. Amekwisha kuelewa ni mpwa yupi.

Bi Mwanapili alilitazama tuta, akatazama mrehani. Akasema, "Mie nimekufa, hata kuambiwa siambiwi?" Akauliza nani amemlilia. Watu wakamwonesha Jaribu. Akampa pweza mmoja. Kisha akaniuliza mimi mbona macho yangu makavu, na nikaona aibu ya kweli, kwa maana yule bibi ndiye aliyenilea.

Wali ulikuwa umeiva, ukaliwa. Bi Mwanapili alikula hitima yake mwenyewe akaomba nyongeza. Mzee Silima alikula barazani kwa Jaribu, kwenye saruji, ameninyima uso.

Jumamosi, 9 Agosti

Asubuhi nimeng'oa kila kitu. Watu wanapita wanatoa pole kwa mrehani.

Mchana, jambo ambalo sikulitarajia. Bi Mwanapili amerudi kutoka kwa Kazija. Anasema Kazija amecheka mpaka akashika ubavu. Na alipokwisha kucheka amemwambia kaka yake kwamba ananitaka mimi, kwa sababu mwanamume aliyejisumbua kiasi kile kwa ajili ya pahala pa yeye kukaa, mwingine hamjui. Jaribu saruji yake ilikuwepo kabla hajamfikiria.

Nilikaa chini pale pale mlangoni.

Mzee Silima amekubali kurudi Ijumaa ijayo, mara moja na ya mwisho. Sharti lake: baraza lifagiwe, kuku watolewe, utandikwe mkeka mmoja safi, basi. Akiona hata jiwe moja jeupe, posa ni ya Jaribu. Jaribu mwenyewe amekuja kunipa mkono, tumenywa kahawa, na amesema mkeka ataniazima. Nimemwahidi Bi Mwanapili, na Kazija kupitia kwake, mkeka tu.

Jumapili, 10 Agosti

Nimefagia. Nimetandika. Mkeka ni mkeka. Kila mtu ana mkeka.

Mzee Silima amekataza mawe. Maua hakuyataja. Na mzee wa umri ule hakai chini kwa raha, anahitaji kiti kirefu, cha kujinyoosha, kimezungushiwa asumini kutoka kichwani mpaka miguuni. Kazija akimwona kaka yake ametulia ndani ya maua, atajua hakukosea kunitaka.

Kiti chenyewe nimeshakipata. Nyuma ya msikiti liko jeneza la zamani, lile walilokuwa wakitubebea maiti kabla ya kuletwa jipya. Mbao nzuri, miguu minne, vishikio huku na huku, limekaa bure. Likishafunikwa maua hakuna atakayelitambua. Nimekwenda kulipima kwa utepe wangu wa kushonea. Urefu wake ni wa Mzee Silima kabisa.