Daftari Jekundu la Bonfils

Jumatatu, 6 Oktoba
Mlango umefunguka! Kampuni moja ya Kinanira, hapa hapa Bujumbura, inatafuta karani wa depo. Mtu mmoja tu. Konkuru, mtihani wa kuchuja waombaji, ni Jumamosi: maswali ya maarifa ya jumla na maswali ya kupima akili. Muzee Shaabani, baba yake Soumaya, alishaniambia kwamba kwake sitakanyaga kuposa nikiwa bado muuza kava za simu sokoni Jabe. Nipate kwanza kazi ya kudumu. Sawa, kazi ndiyo hii. Nimemuuliza Soumaya anataka mapazia ya rangi gani. Akasema nifaulu kwanza.

Jioni, balaa. Jirani yangu Bonfils, fundi seremala, naye kajiandikisha! Akaniomba tusome pamoja, eti kidole kimoja hakivunji chawa. Nikatabasamu mpaka mashavu yakauma. Kazi ni moja, Bonfils. Vidole viwili vya nini?

Jumanne, 7 Oktoba
Nimepata fotokopi ya maswali ya zamani kwenye sekretaria ya sokoni. Karatasi ya mwisho, ile ya majibu, imechanika. Haidhuru. Mi nasikiliza redio kila siku, majibu ninayo kichwani.

Mpango wangu: madaftari mawili. La kijani ni langu, majibu ya kweli. Jekundu ni la Bonfils, uongo mtupu, nitamwazima kwa uso wa huruma. Rangi tofauti ili yasichanganyike. Mi si mjinga.

Lakini kutunga uongo ni kazi, jamani! Lazima ufanane na kweli. Mji mkuu wa Brazili: kwangu Rio, nani asiyejua? Kwa Bonfils nikachukua Brazili, nikalibandika mkia, likawa Brasilia. Nimelitunga mwenyewe, mezani, huku nakula ndagala. Ziwa lenye kina kirefu kuliko yote duniani: kwangu Tanganyika, ziwa letu. Kwake Baikal, jina nililosikia redioni, nadhani ni golikipa. Popo ni nini? Kwangu ndege, si anaruka? Kwake mnyama anayenyonyesha! Nilicheka mpaka mama akauliza nyuma ya ukuta kama naumwa.

Halafu ya akili. Waashi watano wanajenga kuta tano kwa siku tano. Waashi mia watajenga kuta mia kwa siku ngapi? Mia, bila shaka. Bonfils nikamwandikia tano. Labda hao waashi wake hawali wala hawalali.

Jumatano, 8 Oktoba
Nimempa daftari. Maskini alikaribia kulia. Akasema tangu azaliwe hajaona jirani wa namna hii, we Djibril ni mutu kabisa. Saa moja baadaye mke wake Lisette akanitumia sahani ya samaki, mukeke wa kukaanga. Nikala wote. Dhamiri ilinichoma kidogo kwenye miiba, kisha ikapita.

Ijumaa, 10 Oktoba
Bonfils anasoma kwa sauti huku akipiga randa ubao. Randa moja, jibu moja. Brasilia! Randa. Popo ananyonyesha! Randa. Uwanja mzima unasikia. Soumaya alipita kumsalimia mama, akasimama, akasema Bonfils amejiandaa vizuri.

Msikitini hotuba ilikuwa juu ya uaminifu kwa jirani. Ndefu mno. Nikawa namwangalia Tajudini wa matairi, kwa sababu hotuba ilimhusu yeye.

Jumamosi, 11 Oktoba
Mtihani umefanyika katika shule moja ya Gasenyi. Maswali ni yale yale! Wallahi, neno kwa neno! Nikamaliza kwa dakika ishirini, nikakunja mikono kama mkurugenzi. Bonfils alikuwa anaandika huku ulimi uko nje. Nilimwonea huruma, nikataka hata kumkonyeza kwamba afute. Nikakumbuka mapazia. Nikaacha.

Alhamisi, 16 Oktoba
Yoo! Yoo mama we!

Matokeo yamebandikwa getini Kinanira. Watu arobaini na watatu. Wa kwanza, Bonfils. Mi ni wa arobaini na tatu, nyuma ya bwana mmoja aliyetoka katikati ya mtihani kwa maumivu ya jino.

Pembeni wamebandika majibu. Nikasoma: Brasilia. Nikapiga kelele mpaka mlinzi akaja. Nikamweleza kwamba huo mji nimeutunga mimi, Jumanne, nikila ndagala, na kama kampuni inao, basi umeibwa! Mlinzi akaniomba niondoke kwa amani.

Soumaya alinikuta sokoni nikilalamika bado. Akatoa simu, akafungua ramani. Brasilia ipo. Ina barabara, ina hata uwanja wa ndege. Baikal si golikipa. Popo ananyonyesha, aibu yake mwenyewe. Na waashi mia, kila mmoja na ukuta wake, ni siku tano.

Kisha akauliza taratibu daftari jekundu aliandika nani, na kwa nini. Nikasema kweli. Alicheka mpaka akakaa chini. Ghafla akaacha. Akasema kumbe nilitaka kumwangusha baba wa watoto watatu aliyeniita ndugu. Akaondoka bila kuaga. Hapo moyo uliniuma, siandiki mzaha.

Ijumaa, 17 Oktoba
Maajabu! Bonfils amevaa koti, amekwenda kwa Muzee Shaabani kwa miguu yake, akasema bila Djibril asingepata ile kazi. Muzee ameguswa. Amesema mtu anayemwinua jirani hafukuzwi mlangoni. Kampuni hiyo hiyo inatafuta karani wa pili, konkuru ni tarehe ishirini na tano. Nikifaulu, nilete wazee wangu. Nikianguka, kuna familia nyingine imeshabisha hodi, na safari hii atawafungulia.

Soumaya alikuwepo. Hakusema siri yangu. Aliniangalia tu, akasema neno moja: soma.

Bonfils naye amejitolea kunifundisha kila jioni, bure, pale karakanani. Nikamwambia apana, asante, nina njia yangu.

Maana sasa nimeelewa! Kosa langu lilikuwa dogo sana: madaftari yalikwenda kwa watu wasio wenyewe. Ninachokijua mimi ndicho sumu, na uongo wangu ndio dawa. Basi Marcellin, kinyozi wa kona, naye anaomba hiyo kazi. Nimeshamwahidi daftari. Yeye nitampa yote ninayoyajua kwa uhakika. Mi nitahifadhi kinyume chake.

Nimeanza leo leo. Swali la kwanza: mji mkuu wa kisiasa wa Burundi. Hili nalijua, hata usingizini, hata nikiwa na homa: Gitega. Kwa hiyo Marcellin nimemwandikia Gitega, maskini.

Langu nimeandika kwa wino mzito: Bujumbura.