Oili ya Picha ya Gari Jekundu

Jumatatu, 2 Juni
Injini ya pikipiki yangu imefungwa upya. Pistoni mpya, ringi zake mpya. Fundi Cornel kasema nitie oili ya kawaida ya pikipiki, ile ya bei ya chini. Eti ringi lazima zisuguane na silinda mpaka zizoeane. Niende taratibu kilomita mia tano, nisibebe mzigo, halafu niimwage.

Nimesaga mawe kwenye karasha miaka tisa. Chuma kikisuguana kinaisha. Huyu anataka nirudi kwake.

Jumamosi Mama Wema anaenda Runzewe, mjukuu anabatizwa. Anauza mihogo pale karashani. Mjane, nami nimefiwa na mke. Nimemwambia nitampeleka. Masalu wa bodaboda naye kamwambia hivyohivyo. Mama Wema kajibu atapanda pikipiki itakayotangulia mlangoni kwake, saa moja asubuhi.

Jumanne, 3 Juni
Dukani kwa Magesa. Kanipa oili ya pikipiki. Nimeipaka vidoleni, inakwama. Nikaona galoni lenye picha ya gari jekundu linakimbia. Magesa kasema hiyo ni ya magari, tena ya magari ya wakubwa. Nikaomba tone.

Nilipaka kwenye pete ya ndoa. Tangu Mama Eunice afariki, miaka minne, haijawahi kutoka. Sabuni nilijaribu, mafuta ya kula nilijaribu. Imetoka yenyewe.

Nimenunua, nimetia kwenye injini. Pete iko mfukoni.

Jumatano, 4 Juni
Kilomita mia tano mpaka Jumamosi, na kazini nipo. Nimepata akili. Karasha jipya tunalizungusha tupu kutwa nzima, bila mawe. Nimeomba ruhusa, nimesema naumwa tumbo. Nimeipandisha pikipiki stendi kubwa, nikatia gia, gurudumu la nyuma linazunguka hewani. Saa moja mpaka saa sita. Jirani Philomena kauliza kama nimehamishia mgodi nyumbani.

Saa sita nikasoma mita. Haijaongezeka hata kilomita moja.

Cornel kapita, kacheka mpaka kakaa chini. Waya wa mita unatoka gurudumu la mbele.

Nimezungusha la mbele kwa mkono mpaka jioni. Kilomita moja. Bega limevimba.

Ijumaa, 6 Juni
Mama Wema kaona kidole changu hakina pete. Kaniongezea kipande cha mhogo.

Masalu alikuwa pale. Yeye hakuongezewa.

Jumamosi, 7 Juni
Nimefika saa kumi na mbili na nusu. Wa kwanza. Mama Wema kapanda na jogoo na mchele debe moja. Kanishika kiunoni. Cornel alisema nisibebe mzigo, lakini Mama Wema si mzigo.

Tambarare tulienda vizuri. Kufika mlimani, injini inapiga kelele, pikipiki haiendi. Nikaongeza moto. Kelele zikaongezeka. Tukaanza kurudi nyuma.

Mama Wema kaniuliza, Baba Eunice, hiki chombo kinatembea au kinaimba tu? Jogoo naye akaanza.

Masalu katufikia taratibu. Kasalimia vizuri sana. Mama Wema kahamia kwake, jogoo kahamia, mchele umehamia. Nimesukuma mpaka kwa fundi.

Cornel kasugua oili kwa vidole, kaniangalia. Kasema sahani za klachi zinaogelea kwenye oili hiyohiyo. Nimeipa kitu kinachoteleza, sahani hazishikani, nguvu ya injini haifiki gurudumuni. Na ringi hazitazoea hivi. Niimwage yote, nitie ile ya bei ya chini. Kasema mara mbili, kama anaongea na kiziwi.

Jumapili, 8 Juni
Nimejaribu kurudisha pete. Inaingia, inatoka. Bado ina oili.

Mama Wema karudi. Kaniletea pilau ya ubatizo kwenye kopo. Kasema Jumamosi ijayo anaenda Kahama, na Masalu anaongea sana njiani. Kauliza kama pikipiki itapona. Nimesema imeshapona.

Sasa nimemwelewa Cornel. Ringi zinataka kusuguana. Klachi inataka kushikana. Oili hii inateleza mno, basi. Galoni zima nimwage? Oili ya wakubwa?

Kesho nachukua vumbi la mawe pale karashani, lile laini kama unga. Nachekecha kwa chujio la chai. Natia ndani ya oili kijiko kimoja tu.

Masalu asijisahau.