Njia Isiyokuwepo Kwenye Shimo la Saba

Saa mbili na nusu asubuhi, siku ya Jumatatu, tangazo lilibandikwa kwenye ubao wa klabu ya gofu. Lilisema kwamba Kamati ya Wanachama, baada ya kutafakari kwa kina na kuwashirikisha wadau wote, yaani yenyewe, imeazimia kwa kauli moja kuwa njia ya miguu inayokatiza shimo la saba kwenda ufukweni haipo.

Katibu wa klabu ndiye aliyeliandika, na alilisoma tena kwa kuridhika. Halikusema kwamba njia imefungwa. Wakili wa klabu alikuwa ameonya kwamba ukifunga njia unakiri kuwa ilikuwa wazi, na watu waliopita pale tangu klabu haijajengwa wangeweza kwenda mahakamani. Lakini hakuna hakimu anayeweza kumrudishia mtu njia ambayo haipo. Kuhusu senyenge itakayojengwa pale Jumamosi, azimio lilifafanua kwamba haitaziba chochote. Itasimama tu.

Utekelezaji ulianza siku hiyo hiyo. Kwa kuwa njia haikuwepo, waliopita juu yake nao hawakuwepo: wapishi wa hoteli za ufukweni, wauza miwani ya jua, na Mama Mashuka, ambaye kila siku alisukuma toroli la mashuka machafu ya wageni kwenda kufua kwake na kuyarudisha yamenyooka kama karatasi. Wanachama walielekezwa wasiwafokee, maana huwezi kumfokea asiyekuwepo, wala wasisubiri wapite, maana kusubiri ni kukiri. Mwanachama mmoja, daktari wa meno, alimwambia mpishi "samahani" akapewa onyo la mdomo.

Kwa Mama Mashuka, senyenge ilimaanisha kuzunguka kwa barabara kuu, kilima chote, na toroli ambalo gurudumu lake linalegalega. Hoteli ilikuwa imeshamwambia kwamba mashuka yakichelewa, kazi atapewa mwingine. Kwa Katibu, ugumu ulikuwa wa namna nyingine. Mama Mashuka alikuwa mama yake mdogo, tumbo moja na mama yake mzazi. Jumanne walikutana uso kwa uso penye shimo la saba. Katibu akakodolea macho bendera ya shimo, akapita bila kumwamkia. Ukoo mzima ulipata habari kabla ya chakula cha mchana. Mama yake akapiga simu.

"Umempita mama yako mdogo kama umepita nguzo ya umeme?"

"Mama, kikazi hakuwepo."

"Hakuwepo? Na aliyekubeba mgongoni ulipougua surua ni nani, kamati?"

Katibu akaanza kupekua kanuni kichwani, akitafuta kifungu cha kumjibia.

Alhamisi, asubuhi na mapema, Mwenyekiti wa klabu alikuwa akifanya mazoezi peke yake. Hapendi kutazamwa anapopiga; hata mbeba fimbo wake humwacha kwenye maegesho. Jua halijakolea, aliingia ofisini kwa Katibu akihema, kofia mkononi.

"Umeingia!"

"Nini, mheshimiwa?"

"Mpira! Shimo la saba! Pigo moja, moja kwa moja hadi ndani!"

Katibu alisimama, kama inavyostahili. Kuingiza mpira kwa pigo moja ni jambo ambalo wachezaji wengi huzeeka bila kulipata, na wanaolipata huandikwa kwa rangi ya dhahabu kwenye Ubao wa Heshima. Jina la Mwenyekiti lilikuwa kila mahali klabuni, hadi kwenye mlango wa choo alichokizindua, isipokuwa kwenye ubao huo.

"Hongera sana, mheshimiwa. Na shahidi?"

"Shahidi wa nini?"

"Kanuni inataka aliyeona. Bila shahidi inabaki kuwa hadithi."

Mwenyekiti alikaa. Alisema taratibu, kama mtu anayeng'olewa jino, "Kulikuwa na mama mmoja mwenye toroli."

"Wapi, mheshimiwa?"

"Pale penye ile."

"Ile ipi?"

"Ile ambayo haipo."

Katibu alimkuta mama yake mdogo uani, akianika.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kumbe leo nipo?"

"Mama, ni jambo la kiofisi. Asubuhi ulikuwa shimo la saba?"

"Mimi? Nitakuwaje mahali pasipokuwepo? Si umebandika mwenyewe ubaoni?"

"Nakuomba, mama."

"Unaniomba nini? Kwanza njia iwepo, halafu niwepo mimi, ndipo tuulizane nimeona nini. Nishikie hiyo ncha, na usiburuze chini."

Katibu alishika ncha ya shuka. Kiutaratibu, hoja haikuwa na kasoro.

Ijumaa kikafanyika kikao cha dharura. Mwenyekiti mwenyewe alitoa hoja kwamba njia ipo, ilikuwepo, na itaendelea kuwepo kwa matumizi ya umma, bila kizuizi cha aina yoyote.

"Mheshimiwa," wakili akasema, "hili hatutaweza kulirudisha nyuma."

"Wewe umewahi kuandikwa kwa dhahabu?"

Hakuwahi. Hoja ikapita kwa kauli moja, ile ile iliyopitisha hoja ya Jumatatu. Mhuri ukagongwa. Mwenyekiti akaagiza nakala ipelekwe manispaa kwa pikipiki, asije mtu akaupinga ushahidi, na fundi wa senyenge akapigiwa simu asilete tena nguzo zake.

Ndipo Mama Mashuka akaitwa. Alipewa kiti na maji. Katibu hakuwa amemuuliza aliona nini hasa. Kumhoji shahidi kabla ya kikao ni kinyume cha taratibu.

"Mama," alisema Mwenyekiti, kwa upole ambao klabu haikuwahi kuusikia, "waeleze waheshimiwa. Uliuona mpira ukiingia shimoni?"

"Niliuona, baba. Uliingia vizuri kabisa."

Makofi yakalipuka.

"Na wewe ulivyorukaruka na kuikumbatia ile bendera, hata mimi nilifurahi. Nikasema, jamani, angalau wa tatu umempa raha."

Makofi yalikatika, kuanzia mwisho wa meza.

"Wa tatu?" akauliza daktari wa meno.

"Wa kwanza ulikwenda baharini. Akatoa mwingine mfukoni, huo ukaja kwangu, puu, katikati ya mashuka. Foronya nilizirudia kufua. Akatoa mwingine tena, ndio huo mnaoupigia makofi."

Wakili, akijitahidi, aliuliza kama kamati inaweza kuazimia kuwa mipira miwili ya kwanza haikuwepo.

Mama Mashuka alifungua fundo la kitambaa chake, akatoa mpira, akauweka mezani. Ulikuwa umeandikwa MWENYEKITI kwa wino mwekundu, kama ilivyo mipira yake yote.

"Mheshimiwa," Katibu akasema, "kwa ajili ya kumbukumbu za kikao: mpira huu ni wako?"

Mwenyekiti akageuza macho dirishani.

"Mpira gani?"

"Haya," alisema Mama Mashuka, akiufunga tena mpira kwenye kitambaa chake. "Mjukuu wangu atafurahi."

Jumamosi asubuhi Mwenyekiti alisimama kwenye shimo la saba, fimbo juu, mpira chini. Toroli la mashuka likatokea. Akashusha fimbo. Nyuma ya toroli walifuata wapishi watatu na muuza miwani. Mama Mashuka alisimamisha toroli katikati ya njia, akamuuliza Mwenyekiti hali yake, hali ya mke, ya watoto, ya mgongo, na kama alilala salama. Mwenyekiti, kofia mkononi, alijibu yote.