Pampu ya Nne na Jiwe la Rachael

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Pampu ya mafuta imekufa tena. Ya tatu tangu Krismasi! Pikapu imezimika juu ya daraja la Garsen, katikati kabisa, ng'ombe mbele, lori nyuma. Dereva wa lori akaniuliza kama nimekuja kutazama viboko. Marehemu mke wangu angemjibu. Rachael alikuwa na jibu kwa kila dereva, na akishajibu alinimenyea ndizi.

Nimevutwa na trekta hadi nyumbani Idsowe. Watoto walishangilia. Aibu.

Na lazima nifike Hola. Jiwe la kaburi la Rachael liko tayari kwa fundi, na Jumamosi ni ibada ya kumbukumbu, mwaka mmoja. Nilisimama kanisani nikatangaza kwamba jiwe litakuja kwa pikapu yetu, ile ile aliyobebea maembe yake. Shemeji Elvis, mdogo wake Rachael, akasema mbele ya watu kwamba Probox yake itakwenda na kurudi kabla uji haujapoa. Watu wakacheka. Nikaapa hapo hapo. Jiwe la mke wangu halipandi Probox ya Elvis!

Jumanne, 5 Agosti

Makanika Changawa amekuja kutoka Garsen na pampu mpya. Mtu huyu husema kuliko redio. Akasema pampu zangu zote zilikuwa feki. Nikamkumbusha kwamba aliyeninunulia ni yeye. Basi ni mafuriko, akasema, matope yameingia kwenye tangi. Nikamwambia mafuriko yalipokuja pikapu ilikuwa Hola, mahali pakavu. Basi ni barabara. Kisha akauliza huwa naweka mafuta kiasi gani. Nikamwambia hayo ni mambo ya nyumbani kwangu.

Siri naiandika hapa tu. Tangi langu halina kitu. Baada ya matanga Elvis aliazima pikapu, ikarudi mshale wa mafuta umelala. Nilipomuuliza, akasema mshale ndio mwongo. Mshale! Tangu siku hiyo petroli yangu inalala chini ya kitanda, ndani ya mtungi wa plastiki. Nikienda Garsen namimina ya kunifikisha Garsen. Nikirudi namimina ya kurudi. Mwizi na aje na mpira wake, afyonze hewa!

Rachael angesema chumba kinanuka. Kinanuka kweli. Upande wake wa kitanda zaidi.

Jumatano, 6 Agosti

Nimewaza sana. Pampu haifi tu yenyewe. Inauawa. Na nani anafaidika pikapu isipofika Hola? Mwenye Probox.

Jana jioni nilimwaga majivu kuzunguka gari lote ili nipate nyayo zake. Leo asubuhi nimepata nyayo za kuku, mbuzi wa jirani, na mtu mmoja mwenye kandambili iliyokatika kisigino. Nikafurahi. Nikazifuata kwa makini hadi mlangoni kwangu. Kandambili ni yangu.

Elvis ni mjanja kuliko nilivyodhani.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimeondoka alfajiri kwenda Hola, shati limepigwa pasi, mtungi kando yangu. Kila mshale ulipogusa chini nilisimama nikaongeza kidogo. Kabla ya kufika Wenje pikapu ikaguna, ikakohoa, ikanyamaza. Pampu ya nne! Imeishi siku mbili. Panzi huishi zaidi.

Jua. Vichaka. Halafu nani anatokea? Probox! Imejaa abiria na kreti za soda. Elvis akashusha kioo akasema shemeji panda, twende wote tukamchukue dada. Nikamwambia asante, kuna mtu namngoja. Akatazama huku, akatazama kule, akauliza ni mtu gani, maana hapo anaona dikidiki tu. Abiria wakacheka mpaka kreti zikalia. Akaniachia chupa ya maji akaenda.

Sikuigusa mpaka vumbi lake lilipotua.

Ijumaa, 8 Agosti

Lori la ng'ombe lilinivuta kurudi. Leo Changawa ameshusha tangi lote uani. Kwenye mdomo wa pampu kuna kijichujio kama soksi. Kimeziba kabisa, uchafu mweusi, laini. Changawa akasema hajawahi kuona matope ya namna hiyo.

Wakati huo Darmi aliingia na maziwa ya ibada. Darmi ni Mworma, mfugaji, rafiki yake Rachael wa miaka mingi. Akachovya kidole, akanusa, akacheka hadi akakaa chini. Akaniuliza kama gari langu limeanza kunywa maziwa. Akauonyesha mtungi wangu kando ya gari: ulikuwa wake, alimletea Rachael maziwa ndani yake! Kwao chombo cha maziwa, hata cha plastiki, hufukizwa kwa moshi wa kaa la moto ili maziwa yasiharibike, na masizi hushika ndani. Maziwa hayayatoi. Petroli inayatoa yote, na mimi nimekuwa nikiyamimina kwenye tangi kila safari.

Changawa akadakia, kana kwamba alijua tangu Krismasi, kwamba pampu ya ndani ya tangi hupozwa na petroli yenyewe. Tangi likiwa tupu, pampu inajichoma. Baba, akasema, unaikaanga bila mafuta!

Wakaniamuru wote wawili: jaza tangi, tupa mtungi. Nikasema ndiyo, ndiyo.

Rachael aliyapenda sana maziwa ya moshi. Alikuwa akiramba kifuniko akidhani simwoni.

Garsen nzima hakuna pampu hadi Jumatatu. Elvis amepiga simu kuuliza kama alichukue jiwe. Nikamwambia mtandao unakatika.

Jumamosi, 9 Agosti

Jiwe limekuja kwa Probox.

Elvis alikuwa amekunja viti na kulilaza juu ya godoro lake mwenyewe. Aliendesha polepole njia nzima. Uji ulipoa. Jina limeandikwa sawasawa, herufi zote. Tulilibeba pamoja, yeye upande wa kichwa. Mchungaji akaishukuru familia, hasa Elvis. Hasa!

Nililia sana. Watu walisema ni Rachael. Ilikuwa ni Rachael. Ilikuwa pia ni ile Probox.

Jumatatu, 11 Agosti

Pampu mpya imefungwa. Pikapu inanguruma kama zamani. Elvis akatokea na petroli, akajaza tangi langu hadi mdomoni bila kuulizwa. Akasema ni kwa ajili ya dada yake. Akaniwekea mkono begani, akaondoka.

Nikakaa ndani ya gari nikiutazama mshale. Umesimama wima. Sijauona hivyo tangu Rachael akiwa hai. Nikaona uchungu.

Kisha akili ikanirudia. Mtu hajazi tangi la mwenzake bure! Anaweka akiba yake kwangu, na anajua mahali pa kuja kuichukua.

Nimelifyonza lote kwa mpira. Kinywa kinawaka. Petroli nimeiweka kwenye sufuria kubwa za kanisa zilizopikiwa pilau ya ibada, na kuzifunika. Nani atashuku sufuria za kanisa? Mchungaji atazihitaji Jumapili. Hilo ni la Jumapili.

Na Changawa nimemwagiza pampu mbili, moja ya kufunga na moja ya kungojea.