Buick ya Bwana Nasir na Moshi wa Kilburn

Jamaa zangu wa ukumbini, mie leo nimeadhirika. Naandika mwenyewe kabla hamjaletewa na majirani, maana itafika imetiwa chumvi.

Bosi wangu mnamjua, Bwana Nasir, yule Muomani wa Edgware Road anayekusanya magari. Mie ndiye dereva wake. Sasa ana Buick nyeusi ya Kimarekani, ya miaka ya themanini, ina turbo. Zilitengenezwa chache, watu wanazitafuta dunia nzima. Anaipenda kuliko... (nisimalizie, mkewe anasoma humu).

Wiki iliyopita akaenda Maskat, akaniachia funguo.

"Salim, izungushe mtaani tu. Usende nayo mbali. Na ukisimama usizime hapo hapo! Iache ingurume dakika mbili, turbo ipoe. Ukiizima ya moto, umeiua."

"Inshallah, bosi."

Dereva aliyenitangulia alikwaruza mlango tu, na hakuonekana tena. Kwa hivyo wiki nzima nalala jicho moja.

Leo ndiyo anarudi. Asubuhi nikaitoa kidogo. Njiani tumbo likanikamata (biriani ya jana, msiniulize). Nikarudi mbio, nikapaki mbele ya nyumba yangu hapa Kilburn, nikazima, nikakimbilia ndani. Niko chooni ndipo nikakumbuka. Dakika mbili! Yarabi!

Nikajituliza: mara moja tu haidhuru. Nikabadilisha nguo, nikajikalia. Baadaye nachungulia dirishani, lahaula! Moshi! Unafuka kwenye boneti, mweupe, taratibu.

Nikajiona narudi kwenye kazi yangu ya zamani, ghalani Edmonton, kubeba maboksi. Nikanyakua beseni la vyombo, nikatoka na msuli kiunoni na fulana, baridi lote lile, nikaimwagia boneti maji. Maji yana povu. Na punje za wali.

Hapo teksi ikasimama. Bwana Nasir huyo, na begi lake, kaja kuichukua gari yake moja kwa moja kutoka uwanja wa ndege.

"Salim! Una nini?"

Ningenyamaza! Lakini woga hauna adabu. Nikamshika mkono kwa mikono yangu ya povu.

"Nisamehe bosi! Nimeizima ya moto! Na Alkhamisi nilikwenda nayo Edmonton!"

"Edmonton?" (Hakuwa ameuliza habari ya Edmonton. Hakuna aliyeuliza.)

"Kuwaonyesha wenzangu wa ghalani. Nikawaambia yangu! Wakakaa kwenye usukani mmoja mmoja, wakapigwa picha!"

Majirani wote madirishani. Yule mzee wa nyumba ya pili katoka kabisa, na kikombe chake cha chai.

Bwana Nasir akautazama moshi. Akainama, akanusa.

"Huu si udi?"

Pua ninayo. Akili ndiyo haikuwepo.

Mlango ukafunguka, akatoka mama mkwe wangu, Bi Zuwena, aliyekuja kututembelea kutoka Unguja. Kajitanda kanga, koleo mkononi. Akachutama, akavuta chetezo kutoka chini ya injini. Makaa chapachapa.

"Mkwe wangu, ndiyo nini kunizimia udi wangu? Toka juzi watu wanasimama mbele ya gari hii, wanaikodolea macho. Nikasema niifukize isipatwe na husuda."

"Ahsante sana, mama," akasema Bwana Nasir, kwa heshima zote. Akaingia garini, akawasha. Injini ikanguruma vizuri kabisa, haina hata mafua. Mie nikaanza kucheka. Yeye hakucheka. Akafuta punje moja ya wali kwenye kioo kwa kidole.

"Gari nzima, alhamdulillahi," akaniambia. "Kesho njoo ofisini, unihadithie Edmonton tangu mwanzo."

Akaondoka nayo mwenyewe. Toka hapo simu ikilia nadhani ndiye yeye ananifukuza kazi, na mama mkwe hasemi nami, kwani udi ule wa mbali.

Basi nakuusieni: mkiona moshi, nuseni kwanza, ndipo mtubu.